Mwanariadha ni nani siku asiyokimbia?

Kila mwanariadha wetu anaporudi na medali, ushauri unaompokea uwanja wa ndege ni uleule: nunua ploti, jenga nyumba za kupangisha, weka fedha kwenye ng'ombe wa maziwa, usije ukaishia kama fulani. Ni ushauri mzuri na umewaokoa wengi. Ukitembea Eldoret utaoneshwa majengo ya ghorofa, na mwenyeji atakutajia bila kufikiri ni miguu ya nani iliyoyajenga. Lakini muda wote huo tumekuwa tukijibu swali la fedha na kuliruka swali jingine ambalo naliona zito zaidi: mtu huyu ni nani siku asiyokimbia?

Samuel Wanjiru hakukosa fedha. Agosti 2008, akiwa na umri wa miaka 21, aliwachosha wanaume wote katika joto la Beijing kwa mwendo ambao wajuzi waliamini usingewezekana hali ya hewa ikiwa vile, akamaliza kwa saa 2:06:32. Ikawa rekodi ya Olimpiki, na dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni. Akashinda London 2009, Chicago 2009, kisha Chicago tena 2010. Mara mbili alinyakua zawadi kuu ya mfululizo wa marathoni kubwa za dunia, dola 500,000 kila mara. Usiku mmoja wa Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafariki. Alikuwa na miaka 24.

Sitajifanya kujua kilichokuwa moyoni mwake. Ninachoweza kusema kinatoka katika historia yake iliyo wazi kwa kila mtu. Aliondoka nyumbani akiwa na miaka 15 kwenda kusoma sekondari Sendai, Japani, kwa sababu ya mbio. Huko akajifunza Kijapani, akaingia timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, akaishi ndani ya ratiba yenye kocha, bweni na wenzake. Mwaka 2008 akaachana na maisha hayo. Kwa hiyo watu wa kwao walimuaga mtoto wakampokea bingwa, na katikati hapakuwa na kipindi ambacho walimjua kama fundi, jirani, mwanakwaya au hata kijana tu anayetafuta njia. Alirudi kwa watu ambao wengi walikuwa na jambo moja tu la kumwambia, na jambo lenyewe lilihusu ushindi na kilicholetwa na ushindi.

Wataalamu wa saikolojia wamelitazama tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1966 James Marcia alieleza hali ya kijana anayejifunga kwenye utambulisho mmoja kabla ya kuchunguza mwingine wowote, mara nyingi kwa kufuata aliyochaguliwa na wakubwa wake. Kijana wa namna hiyo haoneshi dalili ya shida. Ametulia, anajua anakokwenda, anasifiwa kwa msimamo wakati wenzake bado wanahangaika. Shida hujitokeza njia ile moja inapofungwa. Mwaka 1993, Britton Brewer, Judy Van Raalte na Darwyn Linder waliandika kuhusu wanamichezo hasa, wakatoa kipimo cha kuonesha ni kwa kiasi gani mtu anajitambua kwa mchezo wake. Hoja yao ilikuwa na pande mbili, na naomba msomaji azishike zote mbili: kujiona mwanamichezo mzimamzima ndiko kunakomwamsha mtu alfajiri ya mvua kwenda mazoezini, na hukohuko ndiko kunakomwangusha akiumia, akiachwa kwenye timu, au umri ukimpita.

Nasisitiza pande zote mbili kwa sababu kuna mahubiri mepesi yanayowataka wanariadha wasiupende mchezo kupita kiasi. Marathoni ya saa mbili na dakika tano haikimbiwi na mtu anayejipumzisha. Anayetaka kufika huko lazima ajitoe, na kujitoa huko kuna heshima yake. Swali langu ni kama waliomzunguka, kuanzia kambi hadi familia, humwachia japo kona moja ya maisha ambayo mbio hazijaingia.

Tutazame kambi yenyewe. Iten iko juu ya ukingo wa bonde la Kerio, takribani mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Saa kumi na mbili asubuhi barabara za udongo mwekundu zimeshajaa makundi, wanaume mbele, wanawake nyuma au na kundi lao, na mtu mmoja akisoma saa mkononi. Wakirudi ni chai ya maziwa na mkate, kisha kulala. Saa nne wengine hutoka tena. Mchana ni wali na maharage au ugali na sukuma wiki, kisha kulala tena. Jioni mbio nyepesi, kuoga, ugali, taarifa ya habari, kitanda. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi ni mbio za kubadilisha kasi, Jumamosi ni masafa marefu, Jumapili kanisani. Hesabu saa za kukimbia ndani ya siku hiyo, hazizidi tatu. Zilizobaki ni za kupumzika ili kukimbia tena. Kwa mwili, mpango huo umethibitika. Ushahidi umejaa makabatini kwa sura ya medali. Lakini fikiria kijana anayeingia humo akiwa na miaka 18 na kutoka akiwa na miaka 33. Miaka kumi na mitano mazungumzo yake yote yamehusu muda, mguu, meneja, viza na nani amekimbia ngapi wapi. Siku anayotundika viatu anapoteza kazi, marafiki, ratiba, chakula cha pamoja na lugha ya kuzungumzia maisha yake, vyote kwa mpigo.

Kisha anarudi kijijini, na kijiji kinamngoja na jina lilelile. Kwenye harusi mshereheshaji atasema, "Bingwa wetu yupo, hebu bingwa asimame tumwone." Kwenye harambee bingwa atatajwa kabla ya diwani, na kiasi kinachotarajiwa kutoka kwake ni cha mtu aliyeshinda jana, hata kama mara ya mwisho kupokea zawadi ilikuwa miaka sita iliyopita. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, watu wanaonesha fahari. Lakini fahari hiyo humzuia mtu kuanza upya kama mwanafunzi wa kitu kingine. Atajifunzaje ufundi wa umeme, akikosea mbele ya kijana wa miaka ishirini, wakati kila mtu amezoea kumsimamisha apigiwe makofi?

Hapa ndipo ninapotaka kutetea jambo ambalo siku hizi linachukuliwa kuwa la kizamani. Kip Keino alikuwa polisi. Filbert Bayi na Juma Ikangaa walikuwa wanajeshi wa JWTZ, jeshi la Tanzania. Paul Tergat alitoka jeshi la anga la Kenya, Catherine Ndereba alikuwa askari magereza, David Rudisha polisi. Enzi za Keino na Bayi sheria za riadha zilikataza malipo, kwa hiyo vyombo vya dola viliwapa wanariadha mshahara na muda wa mazoezi, na utaratibu huo ukaendelea hata baadaye. Hakuna aliyekaa akapanga kulinda nafsi zao. Ila matokeo ambayo hayakupangwa yalikuwa makubwa: mwanariadha alikuwa na cheo ambacho hakikutokana na muda wake wa mita 1,500, alikuwa na sare, gwaride, mkubwa wa kumpigia saluti na mdogo wa kumpigia yeye. Akishindwa mashindanoni, Jumatatu bado alikuwa koplo.

Bayi ni mfano mzuri. Februari 1974, Christchurch, New Zealand, aliongoza mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu mlio wa bunduki hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.2. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, akaivunja ya maili kwa 3:51.0. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal, na pambano lake na John Walker wa New Zealand ambalo dunia ilikuwa ikilisubiri halikufanyika. Alirudi Moscow 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mtu aliyenyang'anywa kilele chake na siasa angeweza kutumia maisha yake yote akikihesabu. Bayi alibaki jeshini, akawa kiongozi wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na pamoja na mkewe Anna wakaanzisha shule, Kimara na Kibaha. Wapo Watanzania waliomfahamu kwanza kama mwenye shule waliyosoma, na habari za rekodi ya dunia wakazisikia baadaye. Kwangu huo ni ushindi wa aina yake, na sijaona ukiandikwa vya kutosha.

Riadha ilipofungua mlango wa malipo kuanzia miaka ya 1980, na mawakala na marathoni za miji mikubwa vilipoingia, mkimbiaji alipata uhuru ambao Keino hakuwahi kuuota. Hakuna anayepaswa kumnyima. Lakini pamoja na uhuru huo ilipotea ile sehemu ya pili ya maisha ambayo hakuna aliyejua ina thamani mpaka ilipoondoka. Meneja aliye Ulaya anamjua kwa muda wake bora, na ukishuka simu hupungua. Mkataba wa viatu unapunguzwa asipofikia kiwango. Leo tuna kundi kubwa la watu wasio na mwajiri, cheo, cheti wala wenzao wa kazi, isipokuwa wale wanaoshindana nao.

Sisemi kila mkimbiaji avae kombati. Isitoshe, jeshi nalo linaweza kumfanya mwanariadha jina tu kwenye orodha ya mishahara, mtu wa kuitwa siku ya kupiga picha na kombe, asiyejua kazi ya kikosi chake. Alphonce Simbu ni askari wa JWTZ. Septemba 2025, Tokyo, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani mstarini kabisa, wote wakiandikiwa saa 2:09:48, akaipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya riadha ya dunia. Natamani jeshi limtumie sasa, akiwa bado anakimbia, kwa kazi halisi yenye majukumu, ili siku miguu itakapochoka awe ameshakuwa mtu wa kazi hiyo.

Neno "sasa" ndilo ninalolishikilia. Ukichunguza wanariadha waliovuka salama, karibu wote walianza kuwa kitu kingine wakati bado wanashinda. Tergat alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin 2003 kwa saa 2:04:55. Mwaka 2004 akawa balozi wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na mwaka huohuo akaanzisha tuzo za kila mwaka za wanamichezo wa Kenya, SOYA. Mwaka 2005 akashinda New York, akimpiku Hendrick Ramaala kwa kifua. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kazi nyingine zilimla miguu. Angalia pia kazi yenyewe ilitoka wapi. Tergat alikuwa mtoto wa Baringo aliyepata mlo shuleni kutoka kwa shirika hilohilo. Alipozungumza juu ya uji wa shule hakuwa akisoma hotuba aliyoandikiwa. Alikuwa akirejea sehemu ya maisha yake iliyokuwapo kabla ya mbio, ambayo mbio hazikuweza kuifuta.

Tegla Loroupe naye vivyo hivyo. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York. Kwao ni Pokot Magharibi, ambako wizi wa mifugo umezika vijana wengi. Mwaka 2003 akaanzisha taasisi yake ya amani, ikiwaleta wapiganaji wa Pokot, Turkana na majirani zao kukimbia pamoja. Mwaka 2016 aliiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio. Wazee waliokaa naye kwenye vikao vya amani walihitaji subira yake, jina lake na ujasiri wa kusema na wanaume wenye bunduki. Muda wake wa kilomita 42 haukuwa na kazi hapo.

Huu ndio moyo wa hoja yangu. Utambulisho wa pili haupatikani kwa kukaa chini na kujiuliza "mimi ni nani?" Unapatikana pale mtu fulani anapokuhitaji kwa jambo lisilohusu mbio, na anakuhitaji tena wiki ijayo. Fleti haimhitaji mtu. Wakala anakusanya kodi. Ng'ombe wa maziwa angalau humwamsha mwenyewe. Ndiyo maana wanariadha waliorudi kwenye kilimo kwa mikono yao wameonekana kutulia kuliko wengi waliobaki kuwa wenye majengo.

John Stephen Akhwari wa Mbulu alirudi kwenye kilimo. Dunia inamjua kwa jioni moja, Oktoba 1968, Mexico City, alipoingia uwanjani akiwa na goti lililofungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio. Wengi hawajui kwamba miaka miwili baadaye, Edinburgh, alimaliza wa tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa mkimbiaji mkubwa kweli. Lakini alipokuwa Mbulu alilima. Mvua ilimhusu, mbegu zilimhusu. Umaarufu ulimfuata shambani, ukaja na waandishi na kamera, ukaondoka, na shamba likabaki.

Najua jibu litakalokuja haraka: wasomeshe tu. Elimu ni muhimu, lakini naomba tumtazame Henry Rono kabla hatujaifanya dawa ya kila kitu. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State kwa ufadhili wa riadha, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Olimpiki ya 1976 ilimpita kwa kususia, ya 1980 ikampita kwa kususia tena. Kilichofuata ni pombe, miaka ya kukosa makazi Marekani, kazi za kuosha magari na kubeba mizigo uwanja wa ndege. Alikuwa chuoni, tena chuo chenye jina. Lakini chuo kilimleta kwa ajili ya miguu, na mwanafunzi aliyeletwa kwa ajili ya miguu anaweza kumaliza miaka yote darasani bila mtu kumuuliza anapenda nini. Baadaye Rono mwenyewe alijiinua: alifundisha na kunoa vijana Albuquerque, New Mexico, akarudi Kenya 2019, akafariki Februari 2024 akiwa na miaka 72. Kilichomrudisha kwenye miguu yake kilikuwa kazi ya kuwahudumia wengine, na kilichelewa kwa miaka mingi kuliko ilivyostahili.

Kwa wanawake swali hili lina ukali ambao siwezi kuupitia juujuu. Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee, dakika 30:01, huko Herzogenaurach, Ujerumani. Mwezi uliofuata alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alichomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia, akafariki kwa majeraha. Kila kesi ina mambo yake, na makosa ni ya waliotenda. Lakini wanawake wanariadha wenyewe wamesema wazi, hasa baada ya kifo cha Tirop, kwamba wengi wao huingia kambini wakiwa wasichana, mtu mmoja akawa kocha, meneja, mshauri wa fedha na mume kwa wakati mmoja. Msichana aliyejulishwa kwamba yeye ni miguu na zawadi tu anakuwa hana upande wa kusimama anapotaka kusema hapana, kwa sababu kila mlango wa maisha yake una ufunguo mikononi mwa mtu yuleyule. Ndiyo maana naupa uzito mkubwa mtandao wa Tirop's Angels ulioanzishwa na wanariadha wenzake: unamkumbusha mwanamke kwamba ana watu wa kumsikiliza awe anashinda au ameumia.

Kuna pia upande wa furaha kwa wanawake, na hauzungumzwi kama inavyopasa. Faith Kipyegon alijifungua binti yake, Alyn, mwaka 2018. Kuna waliodhani enzi yake imeisha. Akarudi na medali ya fedha ya dunia Doha 2019, dhahabu ya Olimpiki Tokyo 2021, na Paris 2024 dhahabu ya tatu mfululizo ya Olimpiki ya mita 1,500, ukihesabu na ile ya Rio 2016. Amezungumza mara nyingi juu ya nguvu anayoipata kwa kuwa mama. Mtoto hajali rekodi. Anataka mama yake. Hapo mwanariadha ameshapata mtu anayemhitaji kwa jambo jingine, na mbio hazikuharibika.

Makocha watapinga. Watasema bingwa hupatikana kwa kufunga masikio. Eliud Kipchoge amekaa kambini Kaptagat kwa miaka mingi, na hakuna aliyefunga masikio kuliko yeye. Lakini tazama maisha ya kambi hiyo kwa karibu. Kipchoge alifagia na kusafisha vyoo kwa zamu kama kijana aliyeingia jana. Alisoma vitabu na kuvizungumza. Agosti 10, 2024, kwenye marathoni ya Paris, akiwa bingwa mara mbili mfululizo na umri wa miaka 39, maumivu yalimsimamisha baada ya kilomita 30. Alitembea pamoja na watazamaji, akagawa viatu na namba yake kwa waliokuwa kando ya barabara. Nilichokiona pale ni mtu aliyekuwa na mahali pa kusimama nje ya matokeo. Mahali hapo palijengwa muda mrefu, kwa ufagio na kwa kitabu, na hakuna kocha anayeweza kusema vilimpunguzia kasi.

Soka nalo lina jibu lake. Leodegar Tenga aliiongoza Taifa Stars kama nahodha Lagos 1980, fainali za kwanza za Afrika kwa Tanzania. Alikuwa pia mhandisi. Alipotundika daluga hakuuliza aende wapi, alikuwa na taaluma iliyokuwa ikimsubiri. Na aliporudi kwenye soka kama rais wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kati ya 2004 na 2013, alirudi kwa hiari yake, akiwa na kitu cha kuchangia zaidi ya kumbukumbu za mabao. Wesley Korir alisomea biolojia Chuo Kikuu cha Louisville, akashinda Boston 2012, mwaka 2013 wananchi wa Cherangany wakamchagua mbunge, na bado alirudi Boston kukimbia akiwa mheshimiwa.

Hata hivyo nimetaja majina makubwa mno, na hofu yangu kubwa haiko kwao. Iko kwa yule ambaye hutamsikia. Kwa kila bingwa mmoja Iten, Kapsabet, Mbulu au Kapchorwa, kuna vijana wengi mno waliofanya mazoezi yaleyale, wakala ugali uleule, wakavuta kasi kwa ajili ya wengine mpaka kilomita ya 30, wakanyimwa viza, wakaumia nyama ya paja, na siku zikapita. Ukimuuliza kazi yake atasema "nafanya mazoezi." Ana miaka 31. Aliacha shule kidato cha pili kwa sababu mwalimu na mzazi walikubaliana kwamba miguu ina haraka kuliko kitabu. Hana ploti ya kushauriwa jinsi ya kuiendeleza. Ushauri wetu wote wa uwekezaji haumhusu, kwa sababu unaanza na fedha ambayo hajawahi kuishika.

Kijana huyu ndiye anayepaswa kuwa kipimo cha mipango yetu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa na programu ya kuwaandaa wanariadha kwa maisha ya kazi tangu 2005, na ni jambo jema, lakini warsha ya hotelini huwafikia walioshafika kwenye timu ya taifa. Kambini ndiko mahali pake. Yale masaa ya mchana kati ya chakula na mbio za jioni yanatosha saa moja ya darasa, mara tatu kwa wiki, bila kumnyima mtu usingizi wake: kumalizia kidato cha nne, uhasibu wa duka, udereva, utabibu wa misuli, lugha. Meneja anayekata asilimia yake kwenye zawadi aandikiwe kwenye leseni yake kwamba kambi anayoisimamia ina mwalimu. Vyuo vya ufundi vya Elgeyo Marakwet, Nandi na Manyara viko umbali ambao mkimbiaji anauita mbio nyepesi.

Sisi tunaoandika habari za michezo tuna sehemu yetu. Tunapomhoji mkimbiaji wa miaka 20, tumuulize pia anajua kufanya nini, nani nyumbani anamtegemea kwa jambo gani, na tuyaandike majibu hayo pamoja na muda wake. Na Riadha Kenya na Riadha Tanzania (RT), zinazoweza kukupa kwa sekunde muda wa kila aliyemaliza mbio za majaribio za taifa, ziwe na uwezo wa kukueleza kitu cha pili kwa uhakika uleule: wale waliomaliza kuanzia nafasi ya nne hadi ya ishirini miaka kumi iliyopita, leo wanafanya kazi gani.